Mbea Aliyeanza Kusema Uongo

Kila boti ina chake cha kujivunia. Nyingine ina injini mpya, nyingine ina rangi za kuumiza macho, nyingine haina lolote ila nahodha mwenye sauti kubwa. Boti ya Mstari na mdogo wake ilikuwa na Mbea.

Mbea hakuwa mtu. Alikuwa mashine ya kutafutia samaki, kioo cha ukubwa wa sahani kilichofungwa pembeni ya usukani. Chini ya boti, ndani ya maji, kulikuwa na kidude kama ngumi ya mtoto, wenyewe wakikiita sikio. Sikio lilipiga sauti kwenda chini, sauti ikagonga ilichokigonga na kurudi, na kioo kikachora kilichosikika. Udongo wa chini ulitokea kama mstari mnene, na samaki walitokea kama nyusi. Unyusi mmoja, samaki mmoja. Nyusi zikijaa kioo, shusha wavu na uache maneno. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchungulia nyumba za wenzake na kuja kutangaza nani yuko ndani, jina jingine lisingemfaa. Watu wa gatini walizoea kuuliza kila asubuhi, "Mbea anasemaje leo?"

Siku hizi hakuna aliyeuliza. Mbea alikuwa ameanza kusema uongo, na uongo wa mbea una hatari yake, maana unafanana sana na habari. Kioo kilijaa chenga kama televisheni yenye antena mbovu, na katikati ya chenga zilijitokeza nyusi zisizo na mwenyewe. Wakishusha wavu, wanavuta maji. Siku moja walivuta ndala, tena ya mguu mmoja.

Dada yao alizisikia habari hizo juu juu tu. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, pasi na simu, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alizaliwa katikati: Mstari juu yake, Kitinda chini yake. Ni mtoto wa mvuvi, ni dada wa wavuvi, lakini maji hakuyapenda hata kidogo. Utotoni alipandishwa botini mara moja, akatapika kwenda na kurudi, na tangu siku hiyo akaamua kwamba samaki wake watamkuta nchi kavu, ndani ya sufuria.

Asubuhi moja alikuwa ameinamia redio ya jirani, moshi wa lehemu ukimwingia puani, alipoona kivuli mlangoni. Alikuwa mke wa Kitinda, na mtoto mchanga kifuani.

"Hodi, wifi."

"Karibu, mama mtoto. Mbona macho mekundu? Huyu binti kakukesheza tena?"

"Binti hana neno. Ni mdogo wako. Amefunga begi."

"Begi la wapi?"

"La kwenda kwa kaka yangu, kufyatua matofali. Anasema Jumatatu anaondoka, akipata chumba atakuja kutuchukua."

Fundi alicheka. "Kitinda? Afyatue matofali? Huyo hata kitanda hajui kukitandika."

Mke wa Kitinda naye alicheka, kisha kicheko kikamgeukia na machozi yakashuka. Fundi aliweka chini chuma cha kulehemu, akamvutia kigoda na kumpokea mtoto. Hapo ndipo neno lenyewe likatoka. Juzi Mstari alifika mpaka mlangoni kwao, akiwa ametoka majini mikono mitupu. Hakuingia ndani. Alisimama pale pale kizingitini, akamtazama shemeji yake aliyekuwa amembeba mtoto, akasema kwamba tangu huyu azaliwe boti imeingia mkosi.

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Kitinda alikuwa nyuma yangu, akasikia. Wifi, mimi naweza kutukanwa nikanyamaza. Lakini mtoto hata jino hana, amemkosea nani?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole litapona kwa maji ya chumvi. Fundi alimtazama yule mtoto aliyekuwa akitafuna kidole cha shangazi yake kwa ufizi mtupu, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Hasira iliposhuka kidogo ilikuja hofu. Mstari ndiye aliyewalea baada ya wazazi kuondoka. Aliwaogesha, aliwapikia ugali mgumu kama tofali, aliwapeleka shule akiwa mwenyewe ameacha. Mstari na Kitinda hawajawahi kufanya kazi mbalimbali tangu Kitinda aweze kushika kamba. Kitinda akiondoka na neno lile kifuani, hatarudi hata kwa msiba, na yeye Fundi atabaki katikati kama kawaida yake, ila sasa katikati ya watu wasioonana.

"Nenda nyumbani," alimwambia wifi yake. "Lile begi usilifungue, lakini usimkunjie hata shati moja. Mimi naenda kumwona huyo Mbea."

*

Mstari hakuitwa Mstari kwa sababu ya ule mstari wa Mbea. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuweza kuona kitu kimekaa upande. Shati lake lilikuwa na mkunjo wa pasi hata akiwa anapara samaki. Kamba zake alizizungusha sakafuni mwa boti duara ndani ya duara. Akienda kwa watu, kabla hajaingia alijiinamia mlangoni akazipanga ndala za wenyeji, kulia na kushoto, pua zikitazama nje, hata kama ni ndala za wageni hamsini waliokuja arusini. Watoto wa mtaa walikuwa wakizivuruga makusudi ili wamwone akizipanga upya.

Fundi alimkuta gatini akifuta usukani ambao tayari ulikuwa umefutwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umepotea njia? Huku kuna maji."

"Nimekuja kumwangalia Mbea."

"Mashine ni nzima," Mstari alisema. "Mgonjwa ni anayeisoma. Mtoto analia usiku, baba mtu anakuja kazini anasinzia, anaona samaki kwenye usingizi wake. Tangu mtoto azaliwe. Wiki ile ile, mdogo wangu. Wiki ile ile!"

Fundi alikuwa amejiandaa kugomba, lakini maneno hayo yalimgusa mahali pengine, pale anapofikiria kazi. Katika kibanda chake alijifunza jambo moja: kitu hakiharibiki kwa kupenda. Redio iliyoimba jana na leo imenyamaza, mwulize mwenyewe kati ya jana na leo nani aliigusa. Mwenyewe atasema hakuna. Endelea kumwuliza, mwishowe atakumbuka kwamba mjomba aliifungua kidogo tu aone ndani.

"Wiki hiyo, kabla uongo haujaanza, nani aligusa nini humu ndani?"

"Hakuna aliyegusa kitu."

"Fikiria."

"Nimeshafikiria. Kitinda alikuwa hospitali na mkewe. Boti ilikaa hapa hapa gatini, nikiilinda mimi. Hakuna aliyegusa."

Alisema kwa macho makavu kabisa, naye hakuwa mwongo.

Kitinda alifika na kusimama gatini kama mtu anayesubiri basi. Kumsalimu dada yake alimsalimu vizuri. Kwa kaka yake alipeleka salamu za mzunguko.

"Dada, mwambie huyo ndugu yako anipishe nipande."

"Fundi, mwambie njia ipo, si kipofu."

"Nyie!" Fundi alisema. "Mimi ni fundi wa redio, sasa mmenigeuza redio yenyewe. Panda wewe. Na wewe sogea."

Kazi ikaanza. Alipima betri kwa mita yake, akaikuta na nguvu. Alichomoa plagi ya nyuma ya Mbea, akakuta meno yake yameota kutu ya kijani, akayasugua kwa mswaki mkavu mpaka yakang'aa. Akamwambia Kitinda avue shati azame chini ya boti alisafishe sikio. Kitinda aliibuka na kiganja cha ukoko wa kijani, utelezi mtupu, akaurusha majini.

"Na ukoko kama huo ungesikia nini wewe?" Fundi alisema. "Haya, mwashe."

Kioo kiliwaka. Hakukuwa na chenga hata moja. Mstari wa chini ulichorwa mnene na safi, na juu yake ukapita unyusi mmoja mdogo, samaki wa gatini anayeishi kwa makombo. Fundi alipiga kofi la furaha. Moyo wake ulikuwa mwepesi, akaona kumbe neno lenyewe lilikuwa ukoko na kutu, na kwamba kabla ya saa ya kula watu watakuwa wamepatana.

"Si nilisema?" Mstari alimgeukia yeye, si Kitinda. "Mashine nzima."

"Hapa huwa nzima kila siku!" Kitinda aliwaka. Alisahau kwamba hawasemeshani. "Kila asubuhi tukimjaribu hapa anasema kweli. Uongo anaanzia majini. Nimekwambia mara ngapi?"

"Majini ndiko unakosinzia."

"Twende basi. Sasa hivi. Dada atasoma yeye."

Wote wawili wakamtazama Fundi. Fundi aliyatazama maji. Yalikuwa yametulia, yakimeta, kama jirani anayekukaribisha huku unajua tabia yake. Alifikiria begi lililofungwa, akakaza kanga kiunoni na kukaa.

*

Boti ile ilikuwa na sheria mbili, zote za Mstari. Ya kwanza, gatini injini haiwashwi mpaka kila mtu amekaa na kila kamba imefunguliwa, kwa sababu moshi unachafua mashati ya watu. Ya pili, majini injini haizimwi. Zamani iliwahi kuzimwa kidogo tu, ikakataa kuwaka, wakapeperushwa kutwa nzima mpaka wakavutwa na boti ya watu wenye masimango. Tangu hapo injini ilinguruma tangu wanapoondoka mpaka wanaporudi, wavu ukishushwa, wavu ukivutwa, watu wakila.

Gati lilipokuwa dogo nyuma yao, Kitinda alikielekeza kioo kwa dada yake. "Soma."

Chenga. Zilikuwa zimejaa juu hadi chini, na nyusi za uongo zikirukaruka ndani yake. Mstari wenyewe wa chini ulikuwa umekatikakatika.

"Kaka," Kitinda alisema, "njoo na wewe usome. Wewe usiyelala na mtoto."

Mstari aliacha usukani kwa mkono mmoja, akainama. Alitazama kwa muda mrefu. Alikifuta kioo kwa kiganja, chenga zikabaki pale pale.

"Labda mmeichokonoa mkaiharibu," alisema mwishowe.

"Sema tena ni mkosi! Sema, nakusikiliza!"

"Sikusema..."

"Ulisema! Mlangoni kwangu!"

Fundi alitaka kuingia kati, lakini tumbo lake lilimtangulia. Mtikisiko wa injini ulikuwa ukipanda kutoka ubaoni mpaka magotini, kutoka magotini mpaka kooni, na harufu ya dizeli ilikuwa imemshika puani. Alijitupa ukingoni, akawapa samaki chai yake yote ya asubuhi.

"Zima!" alisema akitweta.

"Injini haizimwi majini. Unajua."

"Zima, kaka! La sivyo safari ijayo nakutapikia kwenye kamba zako zilizopangwa!"

Mstari alizitazama kamba zake. Akazima.

Kimya kilishuka. Maji yalisikika yakigonga ubavu wa boti. Fundi alibaki ameegemea ukingo, macho ameyafumba, akiapa kimoyomoyo kwamba akifika nchi kavu ataibusu.

"Dada," Kitinda alisema kwa sauti ya ajabu. "Njoo uone."

Mbea alikuwa akisema kweli. Kioo kilikuwa cheusi na safi, mstari wa chini mnene bila pengo, na juu ya mstari nyusi zilikuwa zimepangana, moja juu ya nyingine, nyingi. Fundi alisahau tumbo lake.

"Washa injini."

Mstari aliwasha, ikakubali. Chenga.

"Zima."

Safi.

"Washa. Ongeza moto."

Injini ilipozidi kunguruma, chenga zilizidi kunyesha. Ilipopungua, zikapungua. Fundi alianza kucheka peke yake. "Kikulacho ki nguoni mwako! Haugui Mbea. Anapigiwa kelele sikioni. Gatini injini mmeizima, mnamsikia. Majini hamzimi, hamumsikii. Kaka, sheria zako mbili zimekuficha jibu tangu lile juma!"

Lakini ilibaki kujiuliza kwa nini zamani hakusumbuliwa, na injini ni ile ile. Kelele ya umeme wa injini haiogelei majini, inapita kwenye waya. Fundi aliushika waya wa Mbea nyuma ya kioo, akaufuata kwa kidole. Ulishuka chini ya usukani, ukaingia chini ya kifuniko cha mbao cha pembeni. Alikifungua kifuniko.

Alichokiona kilikuwa kizuri. Sijui niseme vipi tena, kilikuwa kizuri. Nyaya zote za boti, wa taa, wa pampu, ule mnene unaotoka kwenye alteneta inayozalisha umeme wa injini kwenda kwenye betri, na ule mwembamba wa Mbea, zilikuwa zimenyooshwa na kulazwa pamoja kama nywele zilizochanwa. Zilifungwa kwa vikanda vyeupe vya plastiki kutoka mwanzo hadi mwisho, nafasi kati ya kikanda na kikanda ikiwa sawa, ncha za vikanda zimekatwa zote upande mmoja. Mkono uliofanya kazi ile Fundi aliujua kabla hajauliza. Ni mkono uliomfunga yeye nywele akienda darasa la kwanza.

Waya mwembamba wa kusikiliza ulikuwa umelazwa kitanda kimoja na waya mnene wa kelele, wakakumbatiana kuanzia kwenye injini mpaka kwenye kioo.

Alikaa juu ya visigino vyake. Injini ilikuwa ikinguruma, kaka zake wakimsubiri. Aliona njia mbili, na ya kwanza ilikuwa rahisi. Angesema ni kutu iliyobaki, akarudi peke yake baadaye, akazitenganisha zile nyaya kimya kimya. Mbea angepona. Mstari asingeaibika, na mtu mzima ni vigumu kumwaibisha mbele ya mdogo wake, hasa mtu mzima aliyekulea. Lakini neno la mlangoni lingebaki pale pale limesimama. Ingesemwa kwamba palikuwa na mkosi, ukaja ukaondoka wenyewe, na yule mtoto asiye na jino angekua na jina ambalo si lake. Mficha uchi hazai. Fundi alichukua koleo lake la kukatia.

Kikanda cha kwanza kililia tak.

"Usikate!" Mstari alipiga kelele. Aliacha usukani kabisa. "Unafanya nini? Hiyo kazi ni safi!"

"Ni safi, kaka. Sijawahi kuona safi kama hii." Akakata cha pili na cha tatu. Aliuchomoa waya wa Mbea kutoka kwenye bunda, akaunyanyua juu, mbali kadiri mkono ulivyofika. "Kitinda, soma."

"Zinapungua," Kitinda alisema. "Zinapungua, dada!"

"Sasa naurudisha."

"Zimejaa tena."

Aliunyanyua, akaurudisha, akaunyanyua. Mstari alikuwa amesimama, akitazama mkono wa dada yake, kioo, mkono, kioo. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Uso wake uliporomoka polepole.

"Kaka, nilikuuliza nani aligusa nini," Fundi alisema taratibu.

"Sikugusa," Mstari alisema. "Nilipanga tu."

Na hapo Fundi akaelewa kwamba asubuhi ile hakumdanganya. Kwake kupanga hakukuwa kugusa. Mtu hahesabu pumzi zake.

"Ulipanga lini?" Kitinda aliuliza.

"Ulipokuwa hospitali." Mstari alikaa juu ya zile kamba zake, akazivuruga bila kujua. "Ule waya wako ulikuwa umeutundika upande wa kulia, juu juu, umelegea kama utumbo wa kuku. Miaka yote uliniudhi, nikakuachia. Halafu nikasikia umepata binti. Sikuwa na cha kukuletea hospitali. Nikasema ukirudi, ukute boti imekaa kama bwana harusi. Nilikesha... Nilidhani utaona."

"Sikuona," Kitinda alisema. "Nilirudi Mbea ana chenga, nikawa natazama chenga."

"Hukusema hata asante. Nikasema moyoni, huyu ameshapata familia yake, sisi wengine basi. Kumbe..." Alijifuta uso kwa mkono wa shati, mkunjo wa pasi ukavunjika. "Kumbe mkosi ulikuwa mkononi mwangu mimi. Mdogo wangu, lile neno nalirudisha."

Kitinda aliokota kipande cha kikanda kilichokatwa, akakigeuzageuza kiganjani. Fundi aliogopa, akatamani kusema kitu, lakini kwa mara ya kwanza maishani alikataa kuwa redio yao.

"Hukuliangushia hapa," Kitinda alisema mwishowe. "Uliliangushia mlangoni kwangu. Nenda ukaliokote huko."

"Nitakwenda."

"Leo."

"Leo hii."

Kitinda alivuta pumzi, akageukia kioo, na sauti yake ikabadilika. "Ila sasa hivi kuna nyusi chini yetu, na mimi sijaona nyusi za kweli tangu mwanangu azaliwe. Dada, uinue huo waya, usiushushe! Kaka, wavu!"

Hivyo ndivyo Fundi, asiyependa maji, alivyosimama katikati ya boti mkono juu kama mwanafunzi anayejua jibu, akiushikilia waya wakati kaka zake wakishusha wavu mdogo. Walipouvuta ulikuja na uzito. Haukuwa wa kuangusha gati, lakini walikuwa samaki wenye macho yao na mapezi yao, wakipiga sakafu kwa mikia, na Kitinda aliangua kicheko ambacho botini hakikuwa kimesikika siku nyingi. Fundi alitapika tena, kwa furaha kidogo na kwa mawimbi zaidi.

Kabla ya kurudi Mstari aliuchukua ule waya mwenyewe. Aliutundika upande wa kulia, juu juu, mbali na wenzake, kwenye kulabu za zamani za Kitinda. Ulilegea huku na kujikunja kule. Aliutazama kama mtu anayetazama dawa chungu, mkono ukamwinuka kuunyoosha, akaurudisha mfukoni.

*

Jua lilikuwa bado kali walipofika kwa Kitinda. Majirani wa kike walikuwa ndani kumwona mtoto, na kizingitini ndala zilikuwa zimerundikana, nyingine zimelala kifudifudi. Kupitia mlango ulio wazi begi lilionekana limeegemezwa ukutani.

"Hodi," Mstari alisema. Sauti ya nahodha ilikuwa imebaki botini.

Mke wa Kitinda alitokea na mtoto. Alimwona nani amesimama, akasimama na yeye, hakusema karibu. Ndani mazungumzo yalikatika ghafla, na Fundi alijua majirani wote wametega masikio, akafurahi. Lile neno lilisemwa waziwazi, na lirudishwe waziwazi.

"Shemeji," Mstari alisema, "niliacha neno hapa mlangoni. Nimekuja kulichukua. Mashine niliiharibu mimi, kwa mikono yangu, kwa kupanga nisichokijua. Mtoto hana kosa. Hakuwa na kosa. Nisamehe."

Mke wa Kitinda alimtazama mumewe. Kitinda aliinua ndoo aliyobeba, mikia ikaonekana. Mwanamke aliitazama ile mikia, lakini bado alikuwa na lake.

"Uliyemkosea ni huyu," alisema. "Mwambie mwenyewe." Akamkabidhi mtoto.

Mstari alimpokea kama mtu aliyepewa kioo. Hakuwahi kumbeba. Alimweka sawa, akamweka sawa tena, mpaka mtoto akamshika ukosi wa shati kwa ngumi na kuuvuta, na hapo akaacha.

"Mama," alimwambia kwa sauti ya chini, "mimi ndiye baba yako mkubwa. Mkubwa wa umri tu, akili bado inakuja."

Ndani jirani mmoja aliguna, mwingine akacheka, na mke wa Kitinda akajikuta naye anacheka huku akijifuta macho. "Ingia, shemeji. Karibu ndani, jua linamchoma mtoto."

Kitinda alipita kwanza. Alipofika kwenye begi alilisukuma kwa mguu mpaka likaingia chini ya kitanda, kisha akaipeleka ndoo jikoni.

Fundi alibaki nyuma, akisubiri. Alimjua kaka yake. Alizitazama ndala zilizorundikana, akamtazama Mstari akizitazama, akajiandaa kumpokea mtoto ili ainame azipange kama alivyozipanga kwenye kila mlango tangu wakiwa wadogo. Lakini mtoto alikuwa bado ameshika ukosi, na Mstari hakumtoa kwa mtu. Alivivua viatu vyake kwa miguu, kimoja kikaangukia huku na kingine kule juu ya rundo, akaingia ndani na binti yake bila kugeuka nyuma.